Pango la Noeli la magamba ya mgomba kutoka Vunjo: nimelitumia, na ninalipendekeza

Kama unatafuta pango la Noeli la kuweka sebuleni na uko tayari kutoa kati ya elfu sitini na elfu sabini, nunua hili la magamba ya mgomba linalotengenezwa na kina mama wa upande wa Vunjo, mkoani Kilimanjaro. Nimetanguliza jibu ili mwenye haraka asisumbuke kusoma yote. Anayetaka kujua sababu, na kasoro atakazokutana nazo, tuendelee pamoja.

Seti kamili ina Maria, Yosefu, Mtoto na hori yake, wachungaji wawili, Mamajusi watatu, malaika, ng'ombe wawili, punda, kondoo watatu na nyumba. Sanamu iliyosimama ina urefu wa shubiri moja hivi. Mwili umesokotwa kwa magamba makavu ya shina la mgomba, yale yanayobaki shambani baada ya mkungu kukatwa. Vichwa ni kitambaa cha kahawia kilichojazwa sufi, nywele ni katani iliyotiwa rangi nyeusi, mabawa ya malaika ni maganda ya mahindi yaliyokunjwa na kushonwa. Kondoo wamevalishwa sufi tupu. Nguo za watu wote hazikutiwa rangi yoyote, na bado utaona rangi nyingi: Yosefu kahawia iliyokolea, Maria karibu na maziwa, Mamajusi mistari mistari. Hiyo ni rangi ya mgomba wenyewe. Gamba la nje la shina likikauka huwa jeusi na gumu, la kati huwa la dhahabu, na lile la karibu na moyo huwa jeupe na laini. Kina mama hawa wanajua gamba gani ni la joho na gani ni la mtandio.

Kilichonifanya nifungue pochi ni nyumba. Usitarajie banda la mbao lenye paa la pembe tatu kama la kwenye kadi. Ni msonge wa Kichagga, majani ya paa yameshuka mpaka chini, mlango ni mfupi wa kuinamia. Ukichungulia ndani, upande mmoja pamezungushiwa vijiti na ng'ombe wako humo humo. Katikati kuna mafiga matatu. Ng'ambo ya mafiga amekaa Maria, na hori iko mpakani, kati ya watu na mifugo.

Asiyekulia mlimani anaweza kudhani ni urembo tu. Ndivyo bibi zetu walivyoishi. Kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hakuna pa kuchungia, ardhi yote ni migomba na kahawa, kwa hiyo ng'ombe hufugwa ndani na kuletewa chakula: majani yaliyokatwa huko tambarare na kubebwa kichwani kupandisha mlima, pamoja na vipande vya mashina ya migomba. Katika msonge watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Joto la mifugo lilisaidia usiku wa baridi ya Juni na Julai, na samadi ilirudi migombani. Mama yangu alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, Kilema. Nilipompelekea pango hili alilizunguka, akainama, akaweka kidole kwenye hori, akasema, "Mtoto akilala hapa hapati baridi, ng'ombe wanampulizia."

Tangu utoto nimesikia Injili ya Luka ikisomwa usiku wa Noeli, na mara nyingi hori ikahubiriwa kama mahali pa aibu, pa mtoto aliyekosa pa kulazwa. Kwa mama yangu hori ilikuwa mahali penye joto kuliko pote nyumbani. Waliotengeneza pango hili wanajua hivyo kwa miili yao, kwa hiyo wamemlaza Mtoto pale ambapo mama yeyote wa mlimani angemlaza wa kwake. Sijaona pango jingine linalosema hivyo, na nimetazama mengi, kuanzia ya plastiki ya madukani mpaka yale makubwa ya makanisani.

Mapadre hupenda kutukumbusha kwamba desturi ya pango ilipata nguvu kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, pale Greccio nchini Italia, mwaka 1223. Aliomba nyasi, ng'ombe na punda wa kweli waletwe, ili wanakijiji waone kwa macho yao shida na unyenyekevu wa usiku ule. Alichukua wanyama wa pale pale kijijini na nyasi za pale pale. Miaka 800 baadaye kina mama wa Vunjo wamefanya hilo hilo kwa vitu vya kihambani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wageni huwa hawalioni mpaka uwaonyeshe. Mchungaji mmoja hakushika fimbo. Ameshika jani la isale. Kwetu isale ni mmea wa kupandwa mipakani mwa kihamba, na ni jani la kuombea msamaha pia: aliyekukosea akikujia nalo, humfukuzi mlangoni. Mchungaji huyu amekuja nalo kwa Mtoto. Jani ni la kweli, jembamba, limefungwa mkononi kwa uzi, na likinyauka unakata jingine bustanini. Desemba ndiyo mwezi ambao koo zetu hukutana, na ndiyo mwezi wa kutatua maneno ya vihamba na urithi yaliyolala mwaka mzima. Nyumbani kwetu kuna ndugu wawili ambao hawakuwa wanasalimiana. Sitasema mengi juu yao kwa sababu bado wako hai na watasoma hapa, ila baba mdogo aliligusa lile jani mbele yao wote, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Sasa nieleze tunavyolitumia, maana kitu cha namna hii unakijua uzuri wake kwa matumizi. Mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam. Mimi ni Mkatoliki wa Kilema, yeye ni Mlutheri wa Machame, na nyumba yetu imechukua pande zote mbili. Jumapili ya kwanza ya Majilio yeye huweka mezani shada lenye mishumaa, desturi iliyoanzia kwa mwanatheolojia Mlutheri Johann Hinrich Wichern huko Hamburg mwaka 1839, nami huanza kupanga pango kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Kwanza msonge na ng'ombe peke yao. Watoto wanapenda sana hatua hii. Nyumba ipo, moto upo, wenyewe hawajafika. Maria na Yosefu wanaanzia juu ya kabati la vyombo na kila siku chache husogezwa mbele kidogo. Mamajusi wanaanzia mbali zaidi, chumbani kwa watoto, nao hawafiki mpaka Epifania. Mtoto Yesu hukaa kwenye droo ya mume wangu, na hutoka usiku wa tarehe 24 tukirudi kanisani, au asubuhi kama wadogo wamelala garini.

Kwa matumizi ya aina hii, wepesi wa sanamu ni faida kubwa. Mtoto wa miaka minne anaibeba kwa mkono mmoja, ikianguka sakafuni haivunjiki. Hapa ndipo pango hili linapoyashinda yale ya mawe na ya mpingo, ambayo nayo nayaheshimu. Seti za jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii, huko Kenya, ni nzuri kwa kweli, wanazichonga, wanazisugua kwa msasa na maji mpaka zinakuwa laini kama yai, kisha wanazipaka nta. Tulikuwa nayo moja, zawadi ya harusi. Jiwe hilo ni laini, na ndiyo maana linachongeka. Likigonga vigae, shingo inakwenda upande wake. Mpingo hauvunjiki ovyo, ila ni ghali kwa sababu mti unakua polepole mno, na sokoni kuna wachuuzi wanaochukua mti mweupe wakaupaka rangi ya viatu. Niliuziwa seti ya namna hiyo na muuzaji mmoja jijini, na Mfalme wa kwanza alipaka vidole vya watoto weusi siku ile ile. Mpingo wa kweli ni mzito, ukiutia majini unazama, na mara nyingi mchongaji huacha ukanda wa ule mti mweupe wa nje uonekane. Kama unautaka, uliza kwanza na upime mkononi.

Nilifika mahali wanapofanyia kazi, nikakaa nao asubuhi moja. Hakuna karakana. Ni ukumbi mdogo wa mabati na benchi chini ya mparachichi. Magamba yanavuliwa shinani yakiwa mabichi, yanatundikwa chini ya upenu palipo na kivuli. Jua kali huyafanya yavunjike kama biskuti, walinieleza, na moshi wa jikoni huyafanya yanuke. Yakikauka hufungwa mafungu kwa rangi. Siku ya kazi wanayalowesha kidogo kwenye beseni ili yapindike bila kupasuka. Wanaanza na kiini cha vipande vya gamba gumu lililokunjwa, juu yake wanazungusha gamba laini, wanalifunga kwa nyuzi zilizochanwa kwenye gamba lile lile. Gundi hutumika kwenye kofia za Mamajusi na kwenye nyota tu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wote wanamwita bibi, hafanyi sanamu kabisa. Kazi yake ni kuezeka misonge. Anaezeka kuanzia chini kwenda juu, tabaka juu ya tabaka, namna ile ile nyumba yenyewe ilivyoezekwa, na hakubali kijana amalizie kilele. Msonge mmoja unamchukua siku mbili. Ukijua hivyo, bei haikuumi.

Na bei ni hii: mimi nililipa shilingi 65,000 kwa seti yote pamoja na nyumba. Msonge peke yake ni 25,000. Sanamu moja moja ni 4,000, kondoo 2,000. Hawana duka. Desemba huweka meza yao karibu na soko la Marangu Mtoni siku za soko, na baadhi ya Jumapili huonekana nje ya kanisa baada ya misa. Hawakupandisha bei waliponisikia naongea Kiswahili cha Dar, jambo ambalo nalisema kwa shukrani, kwa sababu Desemba mlimani kila anayeshuka kwenye gari huonekana ana hela.

Kasoro zipo, na baadhi ni za kukufanya ufikiri kabla ya kununua.

Kubwa kuliko zote ni unyevu. Huko juu pango hukaa bila tabu. Dar ni habari nyingine. Mwaka wa kwanza nililihifadhi kwenye boksi lililofungwa vizuri, na baada ya masika nikakuta ukungu mweupe kwenye joho la Yosefu na harufu ya stoo. Ulitoka kwa brashi kavu na jua la asubuhi, lakini alama imebaki. Sasa sanamu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, chini nimeweka vipande vya mkaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, juu majani makavu ya mwarobaini kama tunavyofanya kwenye mahindi, kwa ajili ya wadudu. Mara mbili tatu kwa mwaka nazitoa nje zipate hewa. Anayeishi Tanga, Mtwara au Unguja ajiandae hivyo tangu mwanzo. Kina mama wenyewe hawakunipa maelekezo ya utunzaji, na ingefaa sana waweke karatasi ndani ya boksi, kwa sababu wateja wao wengi ni watu wanaorudi pwani.

La pili ni moto. Magamba makavu yanashika moto haraka mno. Mishumaa ya shada iko meza nyingine kabisa, na hilo halina mjadala nyumbani. Kuhusu taa za kumetameta, nilikuwa na uzi wa taa kutoka duka moja mjini ambao kiboksi chake cha umeme kilipata joto mpaka plastiki ikalegea. Huo niliutupa. Kwenye msonge tunaweka kitaa kidogo cha betri kati ya mafiga, kinachowaka rangi ya chungwa, na inatosha.

Punda hana budi kutengenezwa upya. Masikio ni mafupi, shingo imeinama, na kila mgeni humwita mbwa. Nimewaambia, wakasema kweli, mlimani punda ni wachache na aliyemtengeneza alikuwa anakumbuka punda wa sokoni Himo. Ng'ombe, kwa upande mwingine, ni wa ajabu. Nundu, pembe, ngozi ya kidevu inayoning'inia, hata kamba ya shingoni imefungwa fundo sahihi.

Nyota ya juu ya nyumba inategemea waya mwembamba mno, inalala upande baada ya siku chache. Nimebadilisha waya. Na nyuso hazina macho wala midomo. Mimi hilo silioni kuwa kasoro, mama mkwe wangu analiona. Yeye anataka Maria amtazame mwanawe. Baada ya kulala nalo usiku kadhaa sebuleni alichukua sindano na uzi mweusi, akamshonea Maria kope mbili zilizoinama, kwa mishono midogo kiasi kwamba ukiwa mbali huzioni. Namwachia yeye neno la mwisho kwenye hilo, na kwa kweli Maria amependeza.

Hapo ndipo nilipo na la kusema hasa kuhusu bidhaa hii. Inakubali mkono wa nyumbani. Pango la plastiki likikatika mkono unatupa, na la mpingo unahitaji fundi. Hili, jirani mwenye mgomba uani anaweza kukupa gamba, nawe ukafunga upya. Nilipolinunua walinipa fungu la magamba ya akiba bila kuniuzia, na bibi anayeezeka akamwonyesha binti yangu jinsi ya kuchana nyuzi. Binti ana miaka kumi na moja. Mwaka uliofuata alitengeneza kondoo wa nne, mnene kuliko wenzake, na mwaka huu anatengeneza mama aliyebeba mzigo wa majani kichwani, maana anasema ng'ombe wale lazima mtu awaletee chakula. Mdogo wake amechora mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, kwa karatasi ya bluu, unapita nyuma ya nyumba, kingo zake zimewekwa vile vimajani laini vinavyoota juu ya mawe. Mfongo halisi wa babu yao unapita mita chache kutoka mlangoni, waliona jinsi maji yanavyogawanywa kwa zamu, wakaupeleka Bethlehemu.

Kwa mama Kilema nilinunua seti ya pili, kwa sababu nyumba ile ndiyo tunayokutania wote. Ukoo unatoka Dar, Arusha, Mwanza, wengine nje ya nchi. Barabara ya kutoka Dar ni kilomita zaidi ya 500 na wiki ile mabasi hujaa mpaka nauli zinakuwa habari ya redioni. Tangu treni ya abiria ya Moshi irudi Desemba 2019, mashangazi wawili wamehamia huko na hawataki kusikia basi. Kabla ya wageni kufika, vijana wanasafisha makaburi ya kihambani na kupaka chokaa palipofifia. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa mapema ili iwahi kuiva, ndizi mbivu na ulezi, na gome la msesewe la kutia uchungu. Mbuzi anachinjwa, na kisusio, ile supu ya damu yake, kinanyweka kikiwa moto. Katika purukushani hiyo yote pango lipo pembeni ya mlango wa sebule, chini kwenye mkeka, mahali ambapo mtoto anayetambaa analifikia. Mama alikataa liwekwe juu. Linaguswa na kila anayepita. Mwaka jana ng'ombe mmoja alitafunwa sikio na kitukuu wa shangazi, likafungwa jingine jioni ile ile.

Mti wa Noeli ni tawi la msaipresi linalokatwa uani siku ya mkesha, na kwa hilo kina mama wa Vunjo wanauza pia mapambo ya kutundika: nyota za kitenge, mipira ya gamba lililosukwa, malaika wadogo wa maganda ya mahindi, kila kimoja 1,500. Nyota za kitenge ni za kununua, zimeshonwa pande zote mbili na nyuzi hazichomozi. Mipira siipendekezi. Ukiitundika kwenye tawi bichi linalotoa utomvu inachafuka na haioshiki, na ikikauka sana msuko unafunguka. Malaika wadogo ni wazuri lakini ni wepesi kupita kiasi, feni ya dari ikiwashwa wote wanageukia ukutani. Dar, ambako tunatumia tawi la mvinje lenye vijani kama nywele, hao malaika wanakaa vizuri zaidi kuliko kwenye msaipresi. Vidole vyao vya uzi vinanasa.

Huduma yao kwa walio mbali inaridhisha, si zaidi ya hapo. Unapiga simu, unasema unachotaka, unalipa nusu kwa simu, nusu mzigo ukifika. Wanatuma kwa basi. Seti ya dada yangu aliyeko Mwanza ilifika msonge umebonyea upande mmoja, kwa sababu lilitumika boksi jepesi la biskuti na juu yake likawekwa gunia. Walipoambiwa walijitolea kuezeka mwingine bila malipo, dada akaona ni bora aulowanishe kidogo na kuunyoosha mwenyewe, na umenyooka. Ukiagiza, waombe waweke msonge ndani ya ndoo, hata kama utalipia ndoo. Elfu tano au sita za ndoo ni afadhali kuliko siku mbili za bibi kupotea njiani, na utaihitaji ndoo hiyo hiyo kuhifadhia sanamu Januari.

Kama hela haitoshi kwa seti nzima, anza na msonge, ng'ombe wawili, Maria, Yosefu na Mtoto. Wachungaji na Mamajusi wanaweza kuja mwaka kesho, kwani hata kwenye Injili hawakufika siku moja. Usiache ng'ombe kwa kubana matumizi, bila wao msonge unakosa maana yake. Agiza mapema, mwisho wa Oktoba usipite, kwa sababu magamba yakikutana na mvua za vuli hayakauki vizuri na kina mama hawakubali kufanyia kazi gamba bichi hata ukiwaongezea hela. Mwombe pia yule mtengeneza punda arefushe masikio.